Wivu Umenibebesha Mchanga Kilima Kizima

Jamani, wivu wangu leo umenipeleka pabaya.

Wiki nzima malori yanapanda kilima kumshushia kokoto jirani yangu, Mama Bhoke. Mimi roho inaniuma tu. Msingi wetu umeota majani!

Asubuhi nimekuta lori la mchanga limesimama chini barabarani. Nikajua ni lake tena.

Dereva akaniuliza, "Mama, huku juu napita?"

"Hupiti! Mwaga hapo hapo."

Akamwaga, akaondoka.

Mume wangu akapiga simu: "Mchanga wetu umefika?"

Nikachukua ndoo, nikaanza kuupandisha mwenyewe.

Wa kwanza kuja na ndoo ni nani? Mama Bhoke! "Twende, jirani. Enzi za Ujamaa mama zetu walibebaga hivi hivi."

Sasa hata roho yake nzuri naionea wivu. Mkikutana naye, msimwambie kitu.