Baudouin na Tisa ya Hungaria

Kwa miaka minane Baudouin alichunga magari ya watu yaliyoegeshwa pale Glenwood, mtaa mmoja wa kusini mwa Afrika, na kwa miaka minane hakuna aliyemuuliza alikuwa nani huko kwao Bukavu. Watu wakishaona kizibao cha rangi ya chungwa cha walinzi wa magari, basi, wamemaliza. Kumbe alikuwa mkaguzi wa kodi! Mwenye muhuri, kalamu mbili mfukoni, na wenye maduka waliokimbilia kumwamkia. Lakini anayekimbia vita habebi kiti cha ofisi.

Aliyekuja kuuliza ni Ernestina, Mtanzania mwenye ofisi ndogo ya uhasibu ghorofani, juu ya hayo magari. Siku moja alimkuta Baudouin ameketi ukingoni mwa barabara, anasoma kijitabu cha kodi ambacho ofisi ya Ernestina ilikitupa, na kwa penseli anasahihisha mifano. Walizungumza nusu saa. Mwisho akampa wiki moja ya majaribio. Akifaulu, kazi anayo. Akishindwa, magari yapo, yanamngoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Sultan, Mtanzania anayeshona mikoba ya vitenge huko Greyville, mtaa mwingine wa mji huohuo. Mikoba ilianza kupendwa Ulaya, na shemeji yake Bupe, anayeishi Lyon, Ufaransa, ndiye aliyekuwa akiiuza. Sasa Sultan alitaka kufungua kampuni huko Ulaya, katika nchi yenye kodi ndogo kuliko zote. Baudouin akae alinganishe.

Akakaa. Siku nne, jamani, mpaka macho yakawa mekundu. Hungaria, asilimia tisa ya faida. Bulgaria, kumi. Ayalandi, kumi na mbili na nusu. Ubelgiji, ishirini kwa faida ya mwanzo ya kampuni ndogo. Ufaransa, ishirini na tano. Akazipanga kwenye jedwali safi, ndogo juu, kubwa chini. Ijumaa Sultan akaja, akasoma mstari wa kwanza tu, akacheka. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, alisema, na akaomba fomu za Hungaria.

Baudouin alipaswa kufurahi. Badala yake alikumbuka kazi yake ya zamani. Enzi za Bukavu, akiingia dukani hakuanza na daftari. Alianza na swali moja, lililowafanya wenzake wamcheke. Wiki hii nzima hakuliuliza, maana aliogopa kukosa kazi, na mtu mwenye hofu huremba karatasi. Kuliuliza sasa ni kukiri mbele ya Ernestina kwamba jedwali halikutosha. Akapiga moyo konde.

"Samahani, papa Sultan. Asubuhi, ufunguo ya hiyo kampuni iko na nani?"

"Bupe. Nani mwingine?"

"Na Bupe iko Lyon."

Akaeleza taratibu. Mwenye ufunguo ndiye anayeendesha, na kampuni huhesabiwa kuwa pale anapokaa anayeiendesha. Bupe akiagiza, akiuza na kuamua yote kutoka sebuleni kwake Lyon, watoza kodi wa Ufaransa watabisha hodi, hata karatasi ziseme Hungaria mara mia. Labda ahamie Hungaria. Sultan akasema Bupe ana watoto shuleni, hahami ng'o. Uso ulimshuka. Baudouin akakiona kizibao cha chungwa kinarudi mabegani mwake.

Akaomba dakika kumi. Safari hii aliacha zile orodha za mtandaoni, akafungua sheria ya Ufaransa yenyewe, kwa Kifaransa alichosomea. Ikawa hivi: kampuni ndogo ambayo mtaji wake umelipwa wote, na angalau robo tatu yake ni mali ya watu na si ya makampuni, hutozwa kumi na tano tu kwa faida ya mwanzo, hadi euro elfu arobaini na mbili na mia tano. Faida ya Sultan haikufika hata nusu ya hapo. Ile ishirini na tano ya kwenye jedwali haikumhusu kabisa! Kampuni iandikwe Ufaransa, kwa majina yao wawili, yeye na Bupe.

Sultan alitoka akiwa tayari kwenye simu, anamwambia shemeji yake atafute jina la kampuni.

Baudouin akabaki kuomba radhi. Swali lile alipaswa kuliuliza Jumatatu, alisema, si leo. Ernestina aliendelea kufunga droo zake. Kisha akaingiza mkono mkobani, akatoa kitu, akakiweka juu ya jedwali.

"Jumatatu nitachelewa, Mzee Baudouin," alisema. "Utafungua wewe."

Baudouin alishuka ngazi ameufumbata ule ufunguo wa ofisi, akapita katikati ya magari bila kutazama hata moja.