Chanya Niliyoishangilia

Nakumbuka siku moja niliyotoka kliniki hapa Changamwe nikicheka, mwenzangu Kadzo akilia, na kati yetu sisi wawili mwenye ugonjwa nilikuwa mimi.

Binti, wewe mteja wangu ninayekuita mwanangu, tulia nikueleze, maana nimechoka kusema na watu waliosoma wasiotaka kusikia. Mimi darasa la tatu sikulimaliza. Nilitoka Mariakani nikiwa msichana, nikaanza kuuza viazi karai nje ya geti la Kipevu, kwa madereva wa malori na vibarua wa bandarini. Leo nina kibanda cha bati chenye meza sita, na hakuna mwanamume aliyenijengea. Najisifu, ndiyo. Lakini majivuno hayo hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye kisu cha daktari.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Nilikuwa na mtoto mmoja, Riziki, na mimi na mume wangu tulikuwa tunatafuta wa pili. Ikatangazwa kanisani kwamba wanawake waende wakapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Kadzo, msichana aliyekuwa akinimenyea viazi, ndio kwanza ameolewa, akaniambia, "Twende, mama Riziki, si ni bure." Tukaenda. Kipimo chenyewe hakikuchukua muda. Muuguzi alipangusa huko ndani kwa dawa inayonuka siki, akamulika na taa, akaniambia vaa nguo. Mafuta ya viazi yanauma zaidi, na hayo yalikuwa yakinirukia kila siku.

Akamwambia Kadzo, "Wewe ni hasi." Kisha akanigeukia. "Wewe dada ni chanya. Chukua barua hii uende nayo hospitali kubwa, usikae nayo. Umeelewa?"

"Nimeelewa," nikamjibu.

Sikuelewa kitu. Lakini ningeulizaje? Yeye mdogo kuliko mimi, na nje foleni nzima ya wanawake wanaonijua. Neno chanya nilikuwa nalisikia kwa mchungaji kila Jumapili: muwe na mawazo chanya, muwe na mtazamo chanya. Basi chanya ni zuri. Na hasi, kwetu sisi tuliochunga ng'ombe, ni neno la kisu: dume akihasiwa, habari yake ya kuzaa imekwisha. Kadzo alikuwa hajazaa bado. Akatoka pale machozi yanamshuka. "Wameniambia mimi ni hasi, mama Riziki. Sitazaa mimi." Nami nikambembeleza njia nzima mpaka Chaani, nikimwambia Mungu ana njia zake. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa zima nikatoa shukrani. Ile barua nikaitia ndani ya Biblia, nikidhani ni cheti.

Wiki mbili baadaye Kadzo akaja kibandani anahema. Alikuwa amerudi kliniki peke yake, akauliza.

"Mama Riziki, hasi maana yake hawakuona kitu. Chanya ndiyo wameona kitu. Nimeuliza mara mbili."

Nikamtazama. Nikamwambia, "Kadzo, huo ni wivu. Menya viazi."

Hapo ndipo ninapojikasirikia mpaka leo. Kutolijua neno si kosa, sikufundishwa. Lakini maana yake ililetwa mpaka mbele ya karai langu, nikaifukuza kwa sababu aliyeileta ni msichana wangu wa viazi. Nikakaa miezi minane. Nikaanza kutokwa na damu kila nikilala na mume wangu. Jirani akaapa kwamba majani ya mstafeli yanatibu kila kitu, nikayachemsha, nikanywa asubuhi na jioni, machungu kama nini. Damu haikukoma. Ndipo nikaitoa ile barua nikaenda nayo.

Daktari alinieleza taratibu, kama anayeogopa nitamkatiza. Kile kidoa alichokiona muuguzi kwa taa yake, ambacho wangekigandisha kwa baridi nikarudi kwangu siku ile ile, sasa kilikuwa saratani changa, na kizazi lazima kitolewe. Kikatolewa. Nilipona, ndiyo, si nipo hapa nakugombeza. Lakini yule wa pili hakuja. Mume wangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Kadzo alizaa wanne.

Yule muuguzi wa kliniki alikuja wodini kunitazama. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Dada, mbona hukuniuliza? Kazi yangu ni kujibu." Kisha akainamisha kichwa. "Na mimi nilikosea. Ningekwambia unieleze kwa maneno yako ulivyosikia."

Sasa njoo wewe. Una cheti cha chuo, una simu, na unachonitumia ni ujumbe kwamba maji moto ya ndimu yanaua saratani. Kliniki iko hapo, waenda na tuktuk mara moja. Nikikuuliza umeshapimwa, wanijibu, "Sina dalili." Nani kakwambia usubiri dalili? Siku ile mimi sikuwa na dalili hata moja, na ndiyo siku niliyokuwa rahisi kutibiwa. Stafeli kula tu, ni tunda tamu, lakini kazi ya daktari haliiwezi.

Na hicho unachokula. Kibandani kwangu mafuta yakishakuwa meusi namwaga. Siku hizi mchicha wa nazi, kunde na maharage vimejaa kuliko viazi, na papai lipo limekatwa. Dereva mmoja, sigara mkononi, akaniambia, "Mama, siku hizi watulisha majani kama mbuzi." Nikamjibu, "Mbuzi hujamwona na sigara." Wenzake wakamcheka wiki nzima. Lakini anakula.

Basi shika haya, ukawaambie na wenzako, sitayarudia. Mwanamke ukifika miaka ishirini na mitano, nenda ukapimwe mlango wa kizazi, na uulize lini urudi, kisha urudi kweli. Ukihisi uvimbe kwenye ziwa, usimwonyeshe shoga yako, mwonyeshe daktari. Binti yako akifika miaka kumi, mpeleke akachanjwe chanjo ya kuzuia saratani hiyo ya mlango wa kizazi. Mwanamume uliyezidi hamsini, kamuulize daktari habari ya tezi dume, na uache kujifanya jiwe. Sigara acha, ugoro acha, pombe ipunguze mpaka uiache. Soseji, na zile za moshi mziitazo smoki, zisiwe chakula chako cha kila siku, mboga na matunda ndiyo yawe. Haya hayakupi ahadi kwamba hutaugua, mimi si mwongo. Yanapunguza hatari tu, na kula vizuri hakukuondolei haja ya kupimwa. Na mtu wa kliniki akikuuliza umeelewa, nawe hujaelewa, mwambie sijaelewa, hata kama foleni nzima inakusikia.

Mungu akutunzie mwili wako, mwanangu. Akupe watoto ukiwataka, na akuweke uwaone wakizeeka. Na asikuhesabie haya nilivyokufokea, maana nimekufokea kwa kukupenda. Amina. Inuka sasa, kliniki inafungwa saa kumi.