Injini Mpya kwa Mlima wa Mahoko

Mama yangu ana ukaidi wa aina moja tu, lakini huo mmoja unatosha mtaa mzima: hapandi basi la abiria. "Mi niko na voiture," husema, "nitaingia mu gari ya batu sababu gani?" Voiture yenyewe ni kigari cha milango mitatu alichokiacha marehemu baba. Kilipotoka kiwandani kilikusudiwa vijana wapenda mbio. Kilipofika kwetu Gisenyi, baada ya miaka mingi ya Goma, kilikuwa kimeshausahau ujana wake.

Kila tulipokwenda Mahoko kwa mama mdogo, kilifika kwenye ile kona kali ya mlima kikaanza kukohoa. Mama alishuka bila kuambiwa, kukipunguzia uzito. Baba alipanda na sisi watoto na mizigo, akasimama huko juu kumngojea, injini ikinguruma, maana stata ilikuwa na kisirani: ukizima, mnasukuma. Mama alikuja polepole, mkoba mkononi, kama mtu anayetoka kanisani. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu.

Baba akafariki. Magoti ya mama yakaanza kuuma. Kisha mama mdogo akaanguka, akavunjika nyonga, asiweze tena kushuka mjini. Ndugu wawili, mmoja juu, mwingine chini, na mlima katikati. Niligombana na mama kuhusu basi mpaka nikachoka, na hasira zangu nimezirithi kwake. Mwishowe nikasema: kama mama habadiliki, itabadilika injini.

Gari nililipeleka Rubona kwa fundi mmoja mzaliwa wa Goma. Alikuwa na gari la aina ileile, ila lenye turbo, lililogongwa nyuma likabaki zima mbele. Turbo, alinieleza, ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa gari lenyewe, kikaisukumia injini hewa mpaka inapata nguvu za watu wawili. Kuihamisha haikuwa kazi ya lelemama. Vishikio vya injini vilichomelewa upya, rejeta ikasogezwa, klachi na breki zikafuata injini yao, na boneti ikagoma kufunga mpaka ilipoonja nyundo. Kila Jumamosi nilikwenda kumsumbua.

"Dada, pole pole," aliniambia. "Moteri haiko beignet ya kukaanga dakika tano."

Siku ya kujaribu tulipanda mlima mimi na yeye. Nilipokanyaga mafuta palepale kwenye kona, gari likaruka, nami nikapiga vigelegele, mtu mzima mwenye ofisi yake. Tulipogeuza kurudi, mkono wangu ukafanya ulichofundishwa: nikazima injini ili gari literemke lenyewe. Ndivyo baba alivyoendesha kwenye miteremko, mahali gari huwaka tena bila stata, tangu siku za shida ya mafuta, na ndivyo alivyonifundisha.

Fundi alitoa macho. "We! Washa! Unaiua!"

Usukani ulikuwa umeshakuwa mzito, breki ngumu. Nikawasha upesi. "Muzee alinifundishaga hivi," nikajitetea.

"Muzee alikuwa na moteri ya kizee. Hii turbo ikishapanda mulima, iko moto sana. Ukizima mbio mbio, oili haifike kwayo tena, inaungua. Ukifika, iache ingurume dakika mbili, ipumue. Njo unazima."

Niliona aibu. Nilimkasirikia baba kidogo, kisha nikamkumbuka mno, nikaendesha hadi Rubona.

Karatasi za gari zilipoandikwa namba ya injini mpya, nikampakia mama. Kwenye kona akashika kitasa cha mlango.

"Simamisha, nishuke."

"Kaa tu, mama."

Nikakanyaga. Mama akajishika kwenye dashibodi, akaita "Yesu wangu!", kisha akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwangukia usoni.

Mahoko, mbele ya nyumba ya mama mdogo, nilisimama nikaiacha injini ikinguruma. Mama mdogo alikuwa ameketi kitini mlangoni, anatupungia gongo lake. Mama hakushuka.

"Hauizimi?"

"Iko inapumua, mama. Fundi alisema tuingojee kidogo."

Aliuweka mkoba mapajani, akaisikiliza injini.

"Baba yako naye alikuwaga anangojea hivi," akasema. "Muliwaza natembea pole pole sababu ya mulima. Hapana. Nilikuwaga nataka nimuone vile amesimama, ananingojea."

Dakika mbili zikapita, nikajifanya sijaona saa. Mama mdogo akapaza sauti kutoka mlangoni: "Bon, mulikuja kunisalimia ao mulikuja kukaa mu gari?" Mama akatabasamu, wala hakutikisika. Niliiacha injini ingurume mpaka alipofungua mlango mwenyewe.