Kimulimuli Nyuma ya Haro

Asubuhi hiyo ya mwezi wa kumi na moja ukungu ulikuwa umeziba kila kitu tangu tulipotoka mtaani kwetu Ganshoren. Aliyeendesha alikuwa mwenzangu wa kazini, mama wa Kirundi kutoka Bujumbura. Tulifanya kazi katika nyumba moja ya kutunza wazee nje ya Brussels, upande wa magharibi, kule ambako jiji linakatika ghafla na mashamba ya viazi yanaanza. Basi halikutufikisha kwa wakati, kwa hiyo alikuwa akinipitia kwa gari lake dogo, nami nikimletea chai kwenye chupa.

Alikuwa ananisimulia harusi ya binti wa dada yake. Akakatiza neno katikati, akakanyaga breki. Chupa ikaniruka mapajani. Mbele ya kioo palikuwa na meno ya chuma, yamejaa udongo, karibu kiasi cha kuona mizizi iliyonasa ndani yake.

Lilikuwa haro, lile dude la kuvunjavunja udongo baada ya kulima, limekunjwa mabawa na linakokotwa na trekta. Taa za trekta zilikuwa zinawaka, lakini haro lilizifunika zote. Kwa nyuma hapakuwa na hata nukta ya mwanga.

"Bismillahi," mwenzangu alisema kwa sauti ndogo. "Huyu muntu anataka tufe?"

Dereva wa trekta hakujua lolote. Aliona mwanga wa taa zetu, akasogea pembeni kwa adabu, akatoa mkono kutuashiria tupite. Tulipokuwa tunampita nilimtazama. Alivaa kofia ya sufu ya kijani niliyomfumia mwenyewe. Alikuwa mume wangu.

Nilijua alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maeneo yale, ila sikuwahi kumwona barabarani. Tulifika kazini. Mwenzangu alizima gari, akaona sishuki.

"Maman, unaumwa?"

"Yule wa trekta ni bwana yangu."

Akanishika mkono. Chai ilikuwa inadondoka kutoka kwenye sketi yangu hadi viatuni, na hakuna kati yetu aliyeifuta.

Siku hiyo nilimpelekea bibi mmoja supu yake mara mbili, mpaka akaniuliza kama namdhania ana matumbo mawili. Kila king'ora kilichosikika kwa mbali, nilisimama na nilichokuwa nacho mkononi.

Jioni mume wangu alikuwa anavua buti mlangoni nilipomwambia. "Papa, lile gari ulilipisha asubuhi, mi nilikuwa ndani."

"Na mbona hukunipungia?"

"Tulikuwa karibu kukugonga. Nyuma hauna taa."

"Taa niko nazo."

"Zinafunikwa na haro. Hazionekani hata kidogo."

Alipanga buti zake ukutani, akazipanga tena. "Patron anajua," alisema, akimaanisha mwenye shamba. "Alisema atatengeneza."

"Alisema lini?"

Aliinuka. "Bon, usiniletee mambo na patron. Kazi hii unajua niliitafuta namna gani."

Nilijua. Tulitoka Lubumbashi yeye akiwa fundi wa mashine, na kabla ya shamba lile alikuwa amefagia, amebeba, amesubiri kuitwa. Kwa hiyo nilikwenda kumpakulia chakula. Lakini kuanzia hapo nilikuwa naamka kabla yake na kwenda dirishani jikoni. Kama kuba la basilika, lile kanisa kubwa la karibu, lilionekana bila ukungu, nilichemsha maji nikiwa na amani kidogo. Kama halikuonekana, nilitafuta vijisababu vya kumchelewesha: soksi moja haipo, mkate bado haujaiva. Aliona ninachofanya. Aliondoka tu, na mimi nikabaki nahesabu vijiji kichwani: sasa yuko hapa, sasa anavuka pale kwenye kona.

Sikuweza kuendelea hivyo. Jumamosi moja mchana, bila kumwambia mume wangu, nilimwomba mwenzangu anipeleke shambani.

Patron alikuwa mzee Mbelgiji wa Kiflamandi, mrefu, anayezungumza Kifaransa kwa vipande. Alinikaribisha jikoni, akadhani nimeleta habari ya ugonjwa. Nilimweleza. Mume wangu aliingia wakati huo huo kuchukua funguo, akanikuta nimekaa mezani. Akavua kofia, akatazama sakafu.

"Nimepita barabara hii tangu utotoni," mzee alisema. "Kila mtu hapa anazifahamu mashine zangu."

"Sisi hatukuzifahamu," nilimjibu. "Tulikuwa tunakwenda kazini tu."

Mkewe, aliyekuwa anamenya viazi kwenye sinki, alimwambia kitu kirefu kwa Kiflamandi bila kugeuka. Mzee akajibu neno moja. Mkewe akaongeza jingine. Mzee akavaa koti, akamwambia mume wangu, "Njoo tutazame."

Wiki iliyofuata walifunga kibao chenye mistari myekundu na myeupe nyuma ya haro, taa nyekundu mbili, na kimulimuli cha rangi ya chungwa kinachomwekamweka. Mume wangu ndiye aliyeunganisha nyaya. Kwangu alikuwa bado hasemi zaidi ya salamu, lakini walipomaliza alinipigia simu: patron anataka nije niangalie, kwa kuwa mimi ndiye niliyelalamika.

Tulisimama na gari la mwenzangu mbali barabarani, siku ya manyunyu, na trekta likatangulia. Kimulimuli kilipotea kila lilipopanda kilima. Bawa la haro lilikikinga. Nilishuka nikapunga mikono.

"Bado," nilimwambia mume wangu alipokaribia. "Kwenye kilima hakionekani."

Nilidhani atakasirika. Alikwenda akarudi na bomba la chuma, akalisimamisha juu ya haro, akafunga kimulimuli kwenye ncha yake. Tulijaribu tena, na safari hii nilikiona mpaka juu ya kilima.

Jioni hiyo alikula, akaomba kuongezewa. "Ulinitia haya," alisema. Akapangusa sahani kwa mkate, akasema, "Lakini kutoka pale kwenye kiti cha trekta, sikuwa najua mnaona nini."

Hofu haikwisha. Ilipungua, nikaanza kulala. Halafu, vuli iliyofuata, simu iliita nikiwa namvisha mzee mmoja soksi. Ilikuwa sauti ya mke wa patron: Gari la mizigo limegonga haro. Mume wako yuko hospitalini, anaongea.

Neno hilo "anaongea" nililishika njia nzima. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha korido, bega limefungwa, mtu amempa biskuti. Dereva wa gari lile alikuwa kando yake, kijana mwenye uso mweupe kama karatasi, haumwi popote.

"Aliona kimulimuli mbali," mume wangu aliniambia kwa Kiswahili. "Alifunga breki mapema. Ni matope ndiyo yalimtelezesha. Asingeona, maman..."

Yule kijana akaniuliza kwa Kifaransa amesema nini. Nilitaka kumjibu, nikajikuta nanyoosha kola ya mume wangu. Mume wangu akamsogezea biskuti moja, akaniambia nikae.