Mkao wa Eucabeth

Ukitaka kupiga ukulele, lile gitaa dogo la nyuzi nne, ukiwa umeketi, usikae kwenye kiti chenye mikono. Keti mbele ya kiti, mgongo wima. Kisanduku kilale juu ya paja la kulia, mkono wa kulia ukibane kidogo tu kifuani, na ule wa kushoto usibebe kitu, kazi yake ni kubonyeza nyuzi. Haya nayajua kuliko wengi wanaopiga, ingawa mimi ni seremala na vidole vyangu ni vinene kama mihogo. Nilijifunza kwa ajili ya Eucabeth. Afadhali nisingejua.

Eucabeth alikuwa mke wa Mochama. Mochama ni mtoto wa ndugu yangu, na nilimlea mimi baada ya baba yake kufariki, kwa hiyo huyo mke wake alikuwa mke wa mwanangu, na mimi kwake nilikuwa Tata, yaani baba. Asiyekuwa Mkisii ataona ni majina ya ukoo tu. Kwetu ni ukuta. Tuna kitu tunachokiita ensoni, aibu ya heshima. Mke wa mwanao humpi mkono. Hukalii kiti alichokalia. Hukanyagi ndani ya nyumba yake hata kama ni chumba kimoja cha kupanga hapa Homa Bay, na chochote cha mwili kinachofunikwa na nguo hakitajwi kati yenu. Majirani zetu Wajaluo walikuwa wakinicheka, jinsi nilivyosimama uani nikiita kama mtu aliyefuata deni, na mlango uko wazi.

Eucabeth aliuza ndizi sokoni. Zilitoka kwetu Nyamarambe, na yeye alizipanga chini kwa vichana, ndogo mbele, kubwa nyuma, na mteja akizibonyezabonyeza alimwambia, "Mama, hiyo ni ndizi, si mtoto. Wacha kuipapasa." Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ya kuimba ilikuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote kanisani. Mochama alikuwa fundi wa mawe huko Migori na alirudi kila baada ya wiki mbili. Binti yao Dorine alisomea huko huko, akakaa na baba yake. Hivyo siku nyingi tulibaki sisi wawili kwenye ploti, mimi kwenye karakana mbele, yeye chumba cha nyuma. Mke wangu Nyakerario alikuwa ameshafariki. Hilo la Nyakerario mlikumbuke, kwa sababu angekuwepo yeye, nisingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Ukulele ya kwanza waliiacha wageni waliotembelea kanisa, imepasuka mgongo. Eucabeth aliniletea niitengeneze. Haikutengenezeka, basi nikaipima nikatengeneza nyingine, ya mbao zilizobaki kwenye vitanda. Nyuzi nilitumia uzi wa kuvulia samaki. Sikujua kupinda mbao, kwa hiyo ukulele yangu ilikuwa na kona nne kama sanduku la vifaa. Lakini ililia vizuri. Sijisifu, ililia.

Kanisani ilizua kikao. Sisi ni Wasabato, na gitaa lina maadui wake. Mzee Okari, ambaye akikohoa tu hoja imekufa, alisema gitaa ni gitaa hata likiwa dogo, maana ndama pia ni ng'ombe. Walijadili Jumapili mbili. Mwishowe wakakubali apige kwenye darasa la watoto peke yake, tena apige akiwa ameketi. Walisema mtu akisimama na kitu kama hicho, kiuno hakikawii kukifuata.

Sasa kukaa nako kuna shida yake. Wanaume wanaweka mguu juu ya mguu, ukulele inapanda, kazi imeisha. Mwanamke wetu hakunji mguu mbele ya wazee. Magoti ya Eucabeth yalikaa pamoja, na sketi yake ya Sabato ilikuwa ya kuteleza, kwa hiyo ukulele isipobanwa ilishuka mpaka chini. Alichofanya ni kuikaza kifuani, upande wa kulia, kwa nguvu zote. Alikaza hivyo kila Sabato kwa miaka mitatu, na watoto walimpenda.

Siku moja mwezi wa kumi, akitoka sokoni, alisimama mlangoni pa karakana. Alisimama ubavu kama ilivyo heshima, macho barabarani.

"Tata, hii kitu inaniuma."

"Wapi?"

Aliinyoosha ukulele, akaweka kidole kwenye kona ya juu, ule upande unaoelekea mwili. "Hapa."

"Hapo kwa kona?"

"Eeh, Tata. Hapo."

Nikatazama ubao. Nilitazama kidole chake juu ya ubao, nikaona kona kali, kona niliyoiacha mimi mwenyewe kwa uvivu, nikaona haya ya fundi. Nikachukua randa, kisha msasa, nikailainisha mpaka ikawa kama yai. Alishukuru akaenda. Mimi nilipuliza unga wa mbao nikaendelea na kitanda cha watu.

Baada ya Krismasi alirudi. Dorine na Mochama walikuwa wameshaondoka kwenda Migori.

"Bado panauma, Tata."

"Si nilipiga msasa?"

"Ulipiga." Akaweka kidole pale pale. "Lakini panauma hata nikiwa nimeiweka chini."

Maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili, wala si kwa Kikisii, na Eucabeth hakuwa na kawaida ya kuniongelesha Kiswahili tukiwa wawili. Nimeyafikiria sana tangu siku ile. Kwa lugha yetu ulimi wake ungegonga ule ukuta, basi akajaribu dirisha jingine. Kidole kilikuwa bado juu ya ubao. Mtu aliyekuwa anazama alikuwa ananipungia mkono, na mimi nikauangalia ule mkono nikaona una kucha nzuri.

"Ni sugu hiyo," nikamwambia. "Umeibana sana. Itaisha."

Nikamtengenezea kigoda cha kuwekea mguu. Ukiinua mguu wa kulia hivyo, paja linapanda, ukulele inakaa yenyewe, kifua hakibanwi tena. Nilienda kanisani nikamwonyesha nikiwa mbali, nikikaa kwenye benchi la nyuma na kipande cha mbao mkononi kama mwendawazimu. Alifuata. Mwezi wa pili akaja tena, sasa ameweka taulo iliyokunjwa kati yake na ukulele, nami nikamwambia aifunge kwa leso ipite shingoni, ukulele ining'inie chini kabisa, iguse tumbo peke yake. Alifunga leso. Akapiga wimbo mmoja pale pale mlangoni.

"Sasa ni sawa, Tata," akasema.

Nilifurahi. Nitasema ukweli, nilifurahi sana. Hata Okari alinisifu, akasema yule mama sasa anakaa kama mwalimu. Nilijiona fundi anayeweza kutengeneza hata maumivu ya watu. Pumbavu la mzee.

Mwezi wa nne alikuja Mellen. Huyu ni Mkurya wa kutoka mpakani, anauza njugu na wimbi kando ya ndizi za Eucabeth, na mdomo wake hauna mlango. Aliingia karakana bila hodi, akaketi juu ya kitanda cha mteja.

"Mzee Ombati," akasema, "wewe ni mtu ama ni mbao kama hizi zako?"

"Umeamkaje, Mellen."

"Sijaamka vizuri. Eucabeth titi lake moja limekuwa ngumu kama jiwe. Linatoa maji. Amelifunga na kitambaa ndani ya nguo, anauza ndizi akicheka. Nimemwambia aende hospitali, anasema alishakuambia wewe."

"Mimi hakuniambia kitu kama hicho."

"Anasema alikuambia mara tatu. Na ukasema itaisha."

Waswahili wana neno lao, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekitafuta kwenye mbao kwa miezi sita. Nilikaa chini. Nilitaka kumpigia Mochama simu, nikampigia, akaitika, "Tata," nami sikuweza. Ningesemaje? Baba na mwana nao wana aibu yao. Mellen alininyang'anya simu akamwambia kila kitu kwa pumzi moja, huku mimi nikiangalia misumari kwenye kopo.

Mochama alifika kesho yake. Walienda hospitali hapa mjini, na hapo hawakuchelewa, wakamtuma Kisumu wiki hiyo hiyo. Kisumu wakasema ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa. Daktari alipomuuliza alianza kuusikia lini, Mochama aliniambia, Eucabeth alijibu, "Tangu Tata alainishe kona." Daktari hakuelewa. Mochama pia hakuelewa, na sikumweleza.

Walimrudisha nyumbani. Dorine aliacha masomo akaja kumwangalia mama yake. Mimi kila asubuhi nilichukua kile kigoda nikakaa nje, chini ya dirisha, kwa sababu ndani kulikuwa nyumba ya mwanangu na siruhusiwi. Kati yetu kulikuwa na mabati na pazia la maua. Nilimsikia akipumua. Siku moja akamtuma Dorine anipe ukulele.

"Mama anasema upige."

Nilipiga wimbo wa watoto, ule aliokuwa akiwafundisha. Nilipiga vibaya. Nilipomaliza sauti ikatoka ndani, ndogo, lakini ni yake.

"Tata, umekaa vibaya."

"Utajuaje, na hunioni?"

"Nasikia. Umeibana. Legeza kidogo."

Nikalegeza. Nikapiga tena. Nilitaka kuingia, jamani. Nilitaka kuinua lile pazia nimwambie nisamehe, nilikuwa naangalia ubao. Nyumba nzima ilikuwa hatua tatu. Sikuingia. Nilipiga kila siku mpaka mwezi wa nane, na alipofariki ilikuwa Alhamisi asubuhi, nikiwa katikati ya wimbo, Dorine akatoka nje akanishika mkono ili niache.

Jeneza nilitengeneza mwenyewe. Watu walitaka kununua lililo tayari, nikakataa. Kona zote nilizipiga msasa, zote nane, mpaka vijana waliokuja kulibeba wakauliza Mzee anafanya nini tena.

Tulimzika Nyamarambe. Kwenye mazishi akasimama mtu mmoja wa kanisa, jina lake sitalitaja maana bado tunasalimiana, akasema mama huyu ni funzo kwetu, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wakaitikia. Eucabeth hakuficha. Aliweka kidole mahali panapouma, mara tatu, mbele ya mtu mwenye macho mawili mazima. Nilipaswa kusimama niseme hivyo. Lakini nisingeweza kusema bila kutaja, na wakwe wote walikuwepo, basi nikabaki nimeketi na kofia yangu magotini. Hiyo nayo nitaulizwa.

Dorine hakurudi Migori. Anauza ndizi mahali pa mama yake, na mwaka huu wakampa darasa la watoto, akiwa ameketi, kwa masharti yale yale. Ana miaka ishirini na moja. Ananiita Sokoro, babu. Na mjukuu, kwetu, si kama mke wa mwana. Kwa mjukuu ukuta unaanguka. Ananitania kwamba nimezeeka na bado sijamlipia mahari, mimi namtania kuhusu miguu yake, na hakuna anayetushangaa.

Juzi Jumanne alikuja karakana ameshika ukulele. Nilikuwa na msasa mkononi.

"Sokoro," akasema, "hii kitu yako inaniuma."

"Wapi?"

Akaweka kidole pale pale, kwenye kona ya juu, ile iliyokuwa kama yai, ambayo haikuwa na sababu ya kumuuma mtu yeyote.

Niliweka msasa chini.

"Ni ubao ama ni titi?"

Hakucheka. Aliniangalia usoni kwa muda, na nadhani hapo ndipo alipoelewa mambo yote, kigoda na leso na kona.

"Ni ubao, Sokoro. Naibana sana."

"Ukiiweka chini, bado panauma?"

Alifikiria kabla ya kujibu. "Sijui," akasema. "Pengine kidogo."

Nilifunga karakana. Kulikuwa na mteja anangoja miguu ya meza, nikamwacha amesimama. Tulipanda pikipiki mbili mpaka hospitali tukakaa kwenye benchi na watu wengine, akina mama wengi, mzee mmoja wa kwetu ambaye ananijua, na ukulele ikiwa juu ya magoti ya Dorine kwa sababu tulisahau kuiacha. Muuguzi alikuja na kitabu chake, akamwangalia Dorine, akaniangalia mimi, akauliza ni nini kinachomsumbua huyu msichana. Dorine aliinamisha kichwa. Nikasimama, nikavua kofia, nikalitaja neno lenyewe kwa sauti, benchi zima likasikia.