Kipochi cha Bunju

Kipochi cha kalamu nilichomshonea mwanangu kilikuwa kinamwita jina la mtoto mwingine.

Cheka ukitaka. Mimi sikucheka.

Mume wangu Fumo, mvuvi wa kisiwa cha Chula, alikwenda baharini hakurudi. Ikapatikana sweta yake tu, imetupwa na maji ufukweni Kudhaa, kisiwa cha jirani. Zile sweta za manyoya za mitumba, buluu, zipu mbele. Aliyeniletea hapa Kismayo ni shemeji yangu Gharibu, ameikunja vizuri kama nguo ya Idi.

Nikakaa eda. Hitima ikasomwa. Eda ilipoisha Gharibu akaniposa, ili mtoto wa kaka yake asilelewe na mtu baki. Nikakubali. Ndoa ikapangwa Ijumaa.

Sasa naingiaje kwa mume mpya na sweta ya marehemu? Nikaona imfae mwanetu Zaituni, ndiyo kwanza anaanza shule. Kitambaa cha manyoya kizuri bwana, ukikikata hakifumuki. Nikakata kifua pamoja na zipu yake humohumo, nikashona samaki bunju. Tumbo limevimba, macho ya vifungo, zipu ndiyo mdomo. Nilikata huku nalia, hata mshono wa zipu sikuutazama.

Asubuhi yake, bunju mdomo wazi. Kalamu zote chini.

Nikafunga. Natoka kuchota maji, narudi, mdomo wazi. Nikatia pini. Pini nikaikuta mlangoni.

Halafu Zaituni, ametulia zake anakunywa chai, akaniambia, "Mama, baba amenisahau jina. Ananiita Salme."



"Sauti ni ya baba?"

"Sijui. Ni ya mtu anayeona baridi."

Nikamwendea Gharibu. "Shemeji, unamjua Salme yeyote?"

"Namjua mmoja, kitoto cha Husseini wa Burgao. Baba yake kapanda boti kwenda Mombasa kutafuta kazi. Tangu aondoke hajapiga simu."

Nikarudi nyumbani mbio. Nikakigeuza kile kipochi, ndani kikaja nje, nikatazama mshono wa zipu. Ulikuwa wa kiwandani, umenyooka juu mpaka chini.

Zipu ya Fumo ilikuwa imeharibika zamani. Niliibadilisha mimi, kwa mkono, kwa uzi wa nyavu.

Ya Rabi. Nimemkalia eda mume wa mtu.

Nikapanda boti mpaka Burgao. Mke wa Husseini, Mwanalima, akanikaribisha kahawa, akanihadithia mumewe atakavyorudi na televisheni.  Nikampa kipochi tu.

Akakipapasa, kidole kikasimama kwenye tundu dogo la cheche ya jiko.

"Hapa niliunguza mimi," akasema.

 Wala hakuniuliza nimekipata wapi.

"Dada, kuna mtu amemlilia?"

"Mimi. Eda nzima. Na hitima tumemsomea."

"Mungu akulipe," akasema, ndipo akalia.

Kipochi nikamwachia Salme. Nasikia kwake hakifunguki mpaka akifungue mwenyewe.

Mimi nikarudi Kismayo. Gharibu alishanunua mbuzi wa harusi, kamfunga uani. Nikamweleza yote. Akakaa chini palepale mchangani.

"Kwa hiyo kaka yangu huenda yu hai?"

Akalia kwa furaha, maskini, na yeye ndiye bwana harusi. Nami nikalia. Mpaka leo sijui nililia furaha au nini, maana nilikuwa nimeshaanza kumpenda.

Ijumaa ikapita, ndoa haikufungwa.

Wewe unayesoma hapa, ukiletewa nguo ya aliyepotea, usikimbilie kulia. Igeuze kwanza uitazame kwa ndani. Huenda unamzika mume wa mwenzako, na wako yuko mahali anangoja umtafute.