Neno Ambalo Mama Hakuwahi Kulisema

Mama hakuwa mwigizaji. Alikuwa mke wa seremala wa Mji wa Kale, na aliingia kwenye runinga kwa sababu ya hasira zake. Nilikuwa bado msichana wa shule wakati watu wa kamera walipokuja kurekodi mchezo wa vichekesho kwenye baraza ya nyumba yetu: wanaume wanne wanaokaa hapo kutwa wakidanganyana. Siku ya pili Mama alichoka na kelele, akawafokea kutoka ghorofani, nyuma ya dirisha. Mwenye mchezo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwomba afoke tena. Mama akakubali kwa sharti moja, kwamba sura yake isionekane.

Basi kwa miaka Mombasa nzima ikamjua yule jirani wa juu. Wale wanne wakizidisha uongo, sauti inashuka dirishani na kuwaumbua. Sokoni watu walimtambua Mama kwa kikohozi tu. Kwenye mchezo alipewa mume pia, naye vilevile hakuonekana, na Mama akamwita kama alivyomwita Baba nyumbani: "We bwana!" Jina la mume halikutajwa, na mapenzi hayakutangazwa. Ndivyo alivyolelewa. Hata usiku, utotoni mwangu, nikilala upande wa pili wa pazia lao, sikuwahi kumsikia akimwita vingine.

Mchezo ulikwisha, na baadaye Mama akafariki. Mwaka juzi kampuni moja kutoka Nairobi ikaununua ili iutengeneze upya. Alikuja mwanamke mmoja mpole, halua mkononi, na kabla hajakaa aliinua mikono akamsomea Mama Fatiha. Mtu amemrehemu mamangu mbele yangu, nitaanzaje kumkagulia makaratasi yake? Nilitia sahihi ya kuwaruhusu watumie sauti ya Mama pale pale, kahawa haijapoa. Nilidhani wangeyarudisha maneno ya Mama ya zamani. Sikuuliza.

Kumbe walikuwa na kompyuta ya kuisemesha sauti yake maneno mapya.

Sehemu ya kwanza tuliitazama mimi na Baba baada ya swala ya magharibi. Macho ya Baba yana ukungu siku hizi, kwa hiyo husikiliza zaidi ya kutazama. Sauti ikashuka dirishani, ile ile, na mkwaruzo wake mwishoni, nami nikajikuta nimesimama. Ikasema, "Mpenzi wangu, chai tayari."

Nilitukana. Nina ulimi, najijua, na nimeurithi kwa mwenyewe. Mama aseme mpenzi? Tena dirishani, mtaa mzima usikie? Simu yangu haikutulia tena: mashabiki wa Buxton, wa Ganjoni, wa ng'ambo ya Feri, wote wamewaka. Wengine walilalamikia baraza ya mbao za kupakwa rangi, wengine Kiswahili cha bara walichotiwa vinywani wale wanaume wanne. Mimi lilinikaa moja tu. Nilijirekodi nikisema, "Mimi ni binti yake, na yule si mamangu," na maneno hayo yakazunguka mji. Kampuni ikajibu kwamba nilitia sahihi. Tukazidi kuwaandikia. Wiki baada ya wiki tuliwakalia kooni, na kila Ijumaa sehemu mpya ilipotoka nilikuwa nikipiga kelele kwenye simu chumbani, wakati Baba anasikiliza peke yake sebuleni. Nilimwona akisogeza kiti karibu na runinga. Nilifikiri masikio nayo yameanza kuchoka.

Mwishowe wakasalimu amri. Barua ilisema sauti imefutwa katika sehemu zote, zilizotoka na zisizotoka, na mwigizaji mwingine atachukua nafasi. Nikapika pilau. Nikamsomea Baba barua ile mezani kama anayesoma matokeo ya mtihani.

Aliacha kula.

"Wameifuta yote?"

"Yote, Baba. Haitasikika tena."

"Mbona hukun'uliza, mwanangu?"

"Nikuulize nini, Baba? Yule hakuwa Mama."

"Najua si yeye. N'meishi naye miaka arubaini, nisimjue?" Alinawa mkono wake wa kulia taratibu, chakula kikiwa bado kingi. "Lakini lile neno nalikuwa nataka kulisikia kwa sauti yake. Mimi nalimwita hivyo, kwa siri. Yeye hunambia nyamaa, mtoto atasikia."

Mtoto huyo ni mimi. Niliondoa sahani, nikasimama jikoni nikalia.

Asubuhi niliipigia simu kampuni. Nilimsihi yule mwanamke anipe kipande kimoja tu, cha kumsikilizisha mzee mmoja, si cha kutangaza. Alinihurumia, niliisikia huruma hiyo. Akasema wamefuta kila kitu, na mtambo wenyewe umeondolewa sauti hiyo, kama tulivyodai kwa maandishi. Barua ya kudai ilikuwa na jina langu juu kabisa.

Baba hataki tena runinga iwashwe wakati wa magharibi. Hanilaumu, hupokea chai yangu na kunishukuru. Mara nyingi nimetaka kumwomba msamaha, lakini sijapata njia ya kuomba bila kulitaja lile neno, na nikilitaja mimi, atalisikia kwa sauti isiyokuwa ya Mama.